Mechi Ambazo Jukwaa Lilicheza

Muulize shabiki wa siku nyingi ni mechi gani aliyoishuhudia ikiwa na shangwe kuliko zote. Ni nadra aanze na bao. Ataanza na watu walivyojaa barabarani saa mbili kabla ya mpira kuanza, na nyimbo zilizosikika kabla hata uwanja haujaonekana, na vile alivyohisi mwilini kwamba leo kuna jambo. Bao litakuja baadaye sana, na mara nyingine hata hakumbuki nani alitoa pasi. Anachokumbuka vizuri ni aliyesimama kando yake, mtu asiyemjua hadi leo, walivyokumbatiana kama ndugu waliopotezana.

Nimesikiliza simulizi nyingi za namna hiyo, nami ninazo zangu. Kadiri ninavyozidi kuzisikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ukubwa wa kelele si kipimo. Tarehe 18 Machi 2011, Galatasaray ilipowakaribisha watani wao Fenerbahçe mjini Istanbul, kelele za uwanja zilipimwa zikafika desibeli 131.76, rekodi ya dunia wakati huo. Ni kelele za kuumiza masikio kabisa. Lakini wapenzi wa soka wakikaa kutaja usiku mkubwa wa majukwaani, ni wachache wanaoanza na usiku ule, na wenye timu wenyewe walifungwa 2-1. Wanataja usiku ambao timu ilikuwa imebanwa, imezidiwa, haina njia, na jukwaa likajua kwamba lisipofanya kitu hakuna mwingine wa kukifanya.

Chukua Glasgow, tarehe 7 Novemba 2012. Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta imekwenda Celtic Park katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Wiki mbili kabla, Celtic walikuwa wamekwenda Camp Nou, nyumbani kwa Barcelona, wakatangulia kufunga, wakasawazishiwa, wakavumilia hadi dakika za nyongeza, halafu Jordi Alba akawafunga dakika ya 94. Kidonda hicho walikwenda nacho uwanjani. Tena ilikuwa wiki ya kuadhimisha miaka 125 ya klabu. Kabla ya mpira kuanza, mashabiki waliinua kadi za rangi uwanja mzima, kila mtu ya kwake mkononi, majukwaa yote yakawa picha moja. Mwenye kadi haioni picha. Yeye anaona kipande cha karatasi na migongo ya walio mbele yake. Anaiinua tu kwa kuamini kwamba maelfu ya wengine nao wameinua zao.

Dakika ya 21 Charlie Mulgrew akapiga kona, Victor Wanyama akaruka juu ya kila mtu, akaupiga kichwa mpira ukazama wavuni. Mkenya wa miaka 21 amewafunga Barcelona. Sijui shabiki wa soka wa ukanda wetu ambaye hakuruka popote alipokuwa usiku ule. Baada ya hapo mechi ikawa ya upande mmoja. Barcelona walishika mpira karibu muda wote, wakagonga mwamba, na kipa Fraser Forster akaokoa mipira ambayo ilikuwa imeshaanza kushangiliwa. Na hapa ndipo ninapoomba mtu aitazame tena ile mechi, asiangalie mpira, asikilize. Kila mchezaji wa Celtic alipofanikiwa kuubutua mpira nje, hata ukienda jukwaani bila mpango wowote, uwanja ulishangilia kama umepata bao. Beki anayeshangiliwa kwa kubutua anabutua tena kwa moyo. Dakika ya 83 Forster akapiga mpira mrefu, Xavi akaukosa, na Tony Watt, kijana wa miaka 18 aliyetoka benchi, akakimbia nao peke yake akafunga. Messi alirudisha moja dakika za nyongeza. Celtic 2, Barcelona 1.

Celtic hawakuwa timu bora usiku ule, na mashabiki wao walilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana waliimba namna ile.

Kwa wengi, mechi ya kwanza kutajwa ni ya Anfield, tarehe 7 Mei 2019, na sioni sababu ya kuikwepa kwa kuwa tu imezoeleka. Liverpool walikuwa wamefungwa 3-0 na Barcelona katika mkondo wa kwanza wa nusu fainali. Salah hakuwepo kwa kuumia kichwa, Firmino naye majeruhi. Nani alikuwa na haki ya kuamini? Salah alikaa jukwaani na fulana iliyoandikwa maneno ya kutokata tamaa. Ukweli ni kwamba wengi waliokwenda uwanjani usiku ule walikwenda kuiaga timu kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyowapa sauti. Hawakuwa na cha kupoteza.

Origi alifunga dakika ya 7. Halafu kikaja kipindi ambacho watu hukisahau, dakika zaidi ya arobaini bila bao, Barcelona wakipata nafasi za wazi na kipa Alisson akiokoa moja baada ya nyingine. Uwanja wa kawaida ungepoa hapo. Anfield haikupoa. Mapumziko Robertson akashindwa kuendelea, Wijnaldum akaingia, na ndani ya dakika mbili, ya 54 na ya 56, akafunga mabao mawili. Tatu kwa tatu.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Baada ya bao la tatu, Barcelona, timu yenye wachezaji waliobeba kila kombe, walianza kupoteza mipira mepesi. Pasi za mita tano zikawa nzito. Walionekana kama watu wanaosubiri jambo baya ambalo wameshaambiwa litakuja. Dakika ya 79 Trent Alexander-Arnold, kijana wa palepale mjini, akajifanya anaondoka kwenye kibendera cha kona, kisha akageuka ghafla akaupiga mpira huku mabeki wa Barcelona wakiwa wamempa mgongo. Origi peke yake ndiye aliyekuwa macho. Nne. Mpira ulipoisha, wachezaji na makocha walisimama mstari mmoja mbele ya jukwaa la Kop, mikono mabegani, wakaimba pamoja na waliowabeba.

Mabeki wale walisinzia kwenye kona kwa sababu walikuwa wamechoka kichwani, na kelele zilikuwa na sehemu yake katika kuwachosha. Sisemi hivi kwa mahaba tu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti Uingereza ambamo waamuzi 40 walioneshwa video ya matukio 47 ya mechi ya Liverpool na Leicester. Baadhi yao waliyatazama wakisikia kelele za uwanja, wengine waliyatazama kimya. Waliosikia kelele waliipulizia timu ya nyumbani faulo chache zaidi, pungufu ya takriban asilimia 15. Video ni ileile na matukio ni yaleyale. Kilichobadilika ni sauti peke yake. Mwamuzi ni binadamu, naye akisikia watu wengi wakiguna kwa pamoja anasita, na katika kusita kwake mpira unaendelea.

Halafu likaja janga la korona likatufanyia jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kuliomba. Tarehe 16 Mei 2020 ligi ya Ujerumani ilirudi bila mashabiki, na moja ya mechi za siku hiyo ilikuwa Dortmund dhidi ya Schalke, dabi ambayo siku za kawaida hufanya mji mzima usilale. Haaland alifunga la kwanza, mechi ikaisha 4-0. Kwenye televisheni ulisikia kocha akikohoa, ulisikia kiatu kikigusa mpira. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, wachezaji wa Dortmund walitembea hadi mbele ya jukwaa lao la kusini, tupu, wakalisalimu kama wanavyofanya likiwa limejaa. Katika miezi ile timu nyingi za Ulaya ziliona nyumbani si nyumbani tena. Ushindi wa wenyeji ulipungua, na wageni wakaonywa kwa kadi za njano chache kuliko zamani. Kwa miaka mingi tulikuwa tukisema shabiki ni mchezaji wa kumi na mbili, na wapo waliotucheka. Sasa namba zipo.

Jukwaa la kusini la Dortmund ni mfano mzuri wa jinsi jengo lenyewe linavyoweza kusaidia au kuua shangwe. Linachukua watu 24,454 waliosimama, nyuma ya goli moja, chini ya paa linalorudisha sauti uwanjani badala ya kuiacha ipotelee angani. Tarehe 9 Aprili 2013, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Dortmund walikuwa nyuma 2-1 nyumbani dhidi ya Málaga na dakika 90 zimekwisha. Walihitaji mabao mawili. Reus akafunga dakika ya 91, Felipe Santana akasukuma la tatu dakika ya 93. Malalamiko ya kuotea yapo hadi leo, na wana Málaga wana haki ya kulalamika. Ila ukitazama zile dakika tatu utaona jukwaa zima likiteremka kuelekea uwanjani kama maporomoko ya maji.

Aliyewahi kusimama nyuma ya goli katika jukwaa la namna hiyo anajua kwamba mpira wenyewe huuoni vizuri. Kuna bendera mbele yako, kuna vichwa, na goli la mbali ni kivuli tu. Mashambulizi ya upande wa pili unayajua kwa masikio. Sauti inaanza kona ya mbali, inapanda, inakufikia, na wewe unapiga kelele kwa jambo ambalo hujaliona. Na chini kabisa, kwenye uzio, kuna mtu mwenye kipaza sauti aliyeupa mgongo uwanja tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Mechi haioni kabisa. Anaisoma kwenye nyuso zetu. Nimewahi kumtazama mmoja wa namna hiyo wakati timu yake ikifungwa. Aliona nyuso zikishuka, akajua, na bila kugeuka akaanzisha wimbo mwingine. Kwangu mimi huyo ni miongoni mwa mashabiki wakubwa kuliko wote, na hakuna kamera inayomfuata.

Lakini majukwaa ya kusimama yana historia nzito, na anayeyasifu lazima aikumbuke. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye sehemu iliyozungushiwa uzio, na waliopoteza maisha kwa msiba ule ni 97. Baada ya hapo viwanja vya ligi za juu Uingereza vikalazimika kuwa vya kukaa kwenye viti pekee. Ilichukua miongo mitatu na ushei hadi mwaka 2022 sehemu salama za kusimama, zenye vyuma vya kushikilia kila safu, ziliporuhusiwa tena. Nakubaliana na uamuzi ule wa kurudisha, kwa masharti yale. Watu walikuwa wakisimama mbele ya viti vyao siku zote, na kusimama bila cha kushika ni hatari zaidi. Hakuna shangwe inayostahili uhai wa mtu, hata mmoja.

Kuna usiku mwingine ambao watu huutaja kwa sauti ya chini, na mimi nauweka kwenye orodha bila kusita. Ni tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay. Wenyeji Afrika Kusini walikuwa wametolewa hatua ya makundi, basi wakaichukua Ghana ikawa yao. Timu yao huitwa Bafana Bafana, sasa wakaanza kuimba BaGhana BaGhana. Mashabiki 84,017 uwanjani, vuvuzela zikilia bila kupumzika. Wapo waliozichukia vuvuzela zile na kutaka zipigwe marufuku. Mimi nilizipenda tangu mechi ya ufunguzi, Tshabalala wa Afrika Kusini alipoachia kombora la mguu wa kushoto dhidi ya Mexico na mlio ule ukageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Muntari wa Ghana alifunga kwa shuti la mbali mwishoni mwa kipindi cha kwanza, Forlán wa Uruguay akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Dakika za ziada zikaisha bila bao hadi ile ya 120, pale Adiyiah wa Ghana alipoupiga kichwa mpira uliokuwa unaingia na Suárez wa Uruguay akauzuia kwa mikono kwenye mstari. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akifunga, Ghana inakuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Akapiga. Mpira ukagonga mtambaa wa panya ukapaa juu.

Ile sekunde iliyofuata sijawahi kuisikia tena popote. Mlio uliokuwepo kwa saa mbili na zaidi ulikatika. Halafu, na hili halisemwi vya kutosha, vuvuzela zikaanza tena. Gyan mwenyewe, dakika chache baada ya kukosa, alikwenda kupiga penalti ya kwanza ya Ghana kwenye matuta, na uwanja ukampigia vuvuzela, akafunga. Ghana walitolewa 4-2. Walioshuhudia usiku ule bado wanausimulia kama msiba wa ukoo na wakati huohuo kama usiku ambao hawangekubali kuukosa.

Ukimya wa uwanja mkubwa nao una historia yake. Tarehe 16 Julai 1950 uwanja wa Maracanã nchini Brazil ulikuwa na watu 173,850 kwa hesabu rasmi, na wengi huamini walikaribia 200,000. Brazil walihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili wawe mabingwa wa dunia, na walitangulia kwa bao la Friaça mara baada ya mapumziko. Nahodha wa Uruguay, Obdulio Varela, akauchukua mpira wavuni, akaukumbatia, akaenda zake polepole kubishana na mwamuzi. Hakuwa na hoja. Alichotaka ni uwanja upoe. Alielewa kwamba anacheza na timu mbili, moja ya watu kumi na mmoja na nyingine ya watu laki na zaidi, na kwamba hii ya pili ndiyo ya kuvunja kwanza. Schiaffino akasawazisha, na dakika ya 79 Alcides Ghiggia akafunga la pili. Baadaye Ghiggia alipenda kusema kwamba ni watu watatu tu waliowahi kuinyamazisha Maracanã, naye alikuwa mmojawapo. Alifariki tarehe 16 Julai 2015, siku ileile, miaka 65 baadaye.

Ujanja wa Varela unanikumbusha mashabiki wa Morocco katika Kombe la Dunia la 2022, waliofanya kinyume chake. Dhidi ya Hispania walipiga miluzi kila mpinzani aliposhika mpira, na Hispania siku hiyo walipiga pasi zaidi ya 1,000. Hebu fikiria kupigiwa mluzi mara elfu moja. Mechi iliisha bila bao, na kwenye matuta Wahispania hawakufunga hata moja. Mmoja aligonga mwamba, kipa wa Morocco Bono akaokoa mbili, mwenzake Hakimi akamalizia kwa mkwaju wa kudokoa katikati ya goli. Siku nne baadaye wakaifunga Ureno, na Afrika ikapata nusu fainali ambayo Ghana iliikosa kwa upana wa mwamba. Miluzi si nyimbo, haipendezi, wala haitakaa kwenye video za kumbukumbu. Lakini mashabiki wale walijua timu yao haitaushika mpira muda mrefu, wakatafuta kazi ya kufanya wakati haina mpira.

Mechi ninayoiweka juu ya zote hizi, hata hivyo, wenyeji walifungwa 4-0.

Union Berlin ni klabu ambayo mashabiki wake zaidi ya 2,000 waliujenga upya uwanja wao kwa mikono yao, kwa kujitolea, mwaka 2008 na 2009. Walichanganya zege, wakabeba matofali, wakachomelea vyuma. Ni uwanja wa watu 22,000 hivi, na wengi wao husimama. Miaka kumi baadaye klabu ikapanda ligi kuu kwa mara ya kwanza, na mechi ya kwanza nyumbani, tarehe 18 Agosti 2019, ikawa dhidi ya Leipzig, timu ambayo mashabiki wa Union wanaiona kuwa mradi wa kampuni. Wakaamua kwamba dakika 15 za mwanzo hawataimba, kama kupinga. Dakika ambazo walizisubiri maisha yao yote wakazitumia kunyamaza.

Kabla ya hapo waliinua picha. Mamia ya picha kubwa za watu, wazee kwa vijana, wengine wamevaa skafu za klabu. Walikuwa mashabiki wa Union waliofariki kabla ya kuiona siku ile. Watoto wao, wenzi wao na marafiki zao waliwabeba hadi majukwaani ili nao wahudhurie ligi kuu. Dakika ya 15 ilipotimia, uwanja ukalipuka kwa nyimbo, na nyimbo ziliendelea wakati Leipzig wakifunga moja, mbili, tatu, nne.

Tarehe 31 ya mwezi uleule Dortmund walikwenda uwanjani hapo wakafungwa 3-1, ushindi wa kwanza wa Union katika ligi hiyo, na unaweza kukisia kelele zilizokuwepo. Mtu akinipa tiketi nichague moja kati ya mechi hizo mbili, nachukua ile ya sifuri kwa nne.